Ukaguzi wa mizinga ya nyuki nyumbani

Ukaguzi wa mizinga ni kazi ya kufungua mzinga wenye nyuki ili kujua kama malkia anataga, kama chakula kinatosha, kama kuna wadudu au ugonjwa, na kama asali imeiva. Kwa mwenye mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba, hii ndiyo kazi yenyewe. Kurina huja kwa msimu.

Mizinga ya magogo na magome haikaguliki vizuri, kwa kuwa masega yamegandamana na mzinga na kuyatoa ni kuyavunja. Inayokaguliwa ni ya fremu, iliyotokana na mzinga ambao Lorenzo Langstroth alipewa hataza yake Marekani mwaka 1852, na ya viunzi vya juu, iliyoenea Kenya kuanzia miaka ya 1970. Huu wa pili hata seremala wa mtaani anauweza, ila sega lake linaning'inia bila fremu: likilazwa wakati wa joto, hukatika. Hushikwa wima na kugeuzwa likiwa wima.

Nyuki wa Afrika Mashariki ni wakali kuliko wa Ulaya, kwa hiyo mizinga ya uani hufunguliwa jioni, ili giza liwatulize upesi. Kabla ya hapo majirani hupewa taarifa, na mbuzi na mbwa waliofungwa karibu huondolewa, maana hawawezi kukimbia. Bomba la moshi liwashwe hadi lishike sawasawa; moshi unaochoma huwakasirisha nyuki badala ya kuwatuliza. Mwiba ukiingia, ukwanguliwe kwa ukucha papo hapo: mfuko wake huendelea kusukuma sumu, na hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu ambayo huwaita nyuki wengine.

Wanaoanza hupoteza muda mwingi wakimtafuta malkia. Hakuna haja, mayai yanatosha kutoa ushahidi. Chungulia ndani ya vyumba vya sega la majana (nyuki wachanga), jua likiwa nyuma ya bega lako: yai jeupe, jembamba, husimama siku ya kwanza, huinama siku ya pili, na siku ya tatu hulala chini, karibu na kuanguliwa. Yai lililosimama lina maana kwamba malkia alipita hapo jana au leo. Mayai mengi ndani ya chumba kimoja, yakiwa yamebandikwa ukutani, kwa kawaida ni ya nyuki vibarua, si ya malkia. Hayo hutoa madume tu, na kundi hilo linaelekea kufa.

Vifuniko vya majana vilivyobonyea na kutoboka, pamoja na harufu ya kuoza, ni dalili ya ugonjwa. Utando na vinyesi vyeusi kwenye masega ni kazi ya nondo wa nta, ambaye hustawi penye kundi dhaifu. Siafu huzuiwa kwa kupaka grisi waya unaoning'iniza mzinga au miguu ya kichanja chake.

Ukaguzi wa mara kwa mara bila sababu una hasara yake: nyuki wetu wakisumbuliwa sana huhama wote na kuacha masega matupu. Mzinga ambao nyuki wake huwafuata watu hadi barazani kila unapofunguliwa haufai kukaa uani. Uzibwe usiku na upelekwe shambani, mbali na makazi.