Ruhusa ya kuuza pombe Maniema: tangu 1890 mpaka leo, nani anatia sahihi?

Salamabila ni mji wa dhahabu, na penye dhahabu bia haichelewi kufika. Mama anaanza na malewa ndogo: sombe, ugali, samaki ya kukauka. Wachimbaji wakirudi jioni wanauliza kama kuna kitu cha baridi. Anatia makasha mawili ya Primus pembeni, na kesho yake anakuja mtu na kitabu cha karatasi: «Uko na patanti ya kuuza pombe?» Kesho kutwa anakuja mwingine na swali lile lile.

Swali hilo limezeeka kupita Salamabila yenyewe. Lina zaidi ya miaka 130 katika inchi hii, na kwa kusini mwa Maniema lilianza kwa njia ambayo wengi hawaijui: dini ya wenyeji ilikuwa ndani ya sharti la kwanza.

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa 17 yalimaliza mkutano uliokuwa umefunguliwa mwezi wa Novemba 1889. Kichwa cha mkutano kilikuwa biashara ya watumwa, lakini ndani ya mapatano waliingiza sura nzima juu ya pombe kali. Walichora kwenye ramani ya Afrika eneo kutoka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Congo yote imo. Kisha wakaandika kwamba ndani ya eneo hilo, mahali ambapo watu hawana desturi ya kunywa pombe ya kupikwa kwa moto, kwa sababu ya dini ao kwa sababu nyingine, serikali zitakataza kuiingiza na kuitengeneza. Kule ambako pombe kali ilikuwa imeisha kuzoeleka, kama kando ya bahari, haikukatazwa: iliwekewa ushuru, franga 15 kwa hektolita kwa miaka mitatu ya kwanza.

Kasongo na Kabambare zilikuwa wapi mwaka huo? Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Waungwana, na mkubwa wake alikuwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, aliyewekwa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, aliondoka Congo mwaka 1890 kurudi Zanzibar na hakurudi tena. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya kwenda Tanganyika. Hapo ndipo Livingstone alilala miezi mingi katika 1870 kwa vidonda vya miguu. Dini ya wakubwa wa miji hiyo ilikuwa Islamu, na Zanzibar, kwao Tippu Tip, ilikuwa kati ya serikali 17 zilizokuwa kwenye mkutano wa Brussels. Kwa hiyo maneno yale ya «kwa sababu ya dini» hayakuwa ya mbali. Yaligusa hapa hapa.

Isifikiriwe kwamba Maniema ilikuwa bila pombe. Malafu ya mgazi ilinywewa zamani, mbele ya Mwarabu na mbele ya Mzungu, na haikuombewa ruhusa kwa mtu. Mkubwa wa mji alikuwa na desturi zake juu ya nani anakinga mgazi wa nani, na basi. Mapatano ya Brussels hayakuigusa malafu, kwa kuwa yalihusu pombe ya moto peke yake.

Kuna jambo lingine la mkutano ule ambalo halisemwi sana. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulikuwa umemkataza Leopold II kutoza ushuru wa vitu vinavyoingia Congo. Kule Brussels, akisema anahitaji franga za kupiganisha biashara ya watumwa, alipewa ruhusa ya kutoza mpaka 10 kwa mia. Ni kusema katika mkutano mmoja dola la Congo lilipata haki ya kukataza pombe na haki ya kulisha kasha lake kwa ushuru. Mambo hayo mawili hayajaachana tangu siku ile.

Vita ilifuata. Machi 1893 askari wa Dhanis waliingia Nyangwe, Aprili wakaingia Kasongo, na mwanzo wa 1894 nguvu za Rumaliza zikavunjika na Kabambare ikaanguka. Mji wa zamani wa Kasongo uliachwa. Mahali pake panaitwa Kasongo-Tongoni mpaka sasa. Islamu haikuachwa. Ilibaki katika vijiji na familia, ikapata nguvu mpya pamoja na tarika ya Kadiriya, huku wakubwa wa koloni wakiitazama kwa jicho baya. Lakini juu ya pombe, hakuna aliyewauliza tena Waislamu wa Kasongo neno lolote. Mapatano mapya yaliyotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye tarehe 10 Septemba 1919 yaliendelea kukataza pombe kali za biashara kwa Afrika, ila sharti lilikuwa limegeuka. Lililotazamwa sasa ni rangi ya ngozi.

Katika Congo ya Wabelgiji Mzungu alikunywa whisky na divai yake. Mtu mweusi alikatazwa. Bia ndiyo iliachwa, na hapo ndipo viwanda vilipata mlango: cha Léopoldville kilianzishwa 1923 na Primus ikatoka 1926. Mtu akishangaa kwa nini bia ilishika Congo namna hii, sababu moja ni hiyo: kwa miaka mingi ilikuwa chupa ya dukani ambayo sheria ilimwachia Mukongomani. Na lutuku, inayopikwa nyuma ya nyumba kwa mahindi na muhogo, ikawa pombe ya kujificha. Kinachokatazwa mchana kilipikwa usiku, na anayeshikwa alikuwa mara nyingi mwanamke, kwa maana ndiye aliyekuwa kwenye chungu.

Baada ya vita ya pili ya dunia, Wabelgiji walianza kugawa karatasi za heshima kwa Wakongomani waliosoma: karatasi ya 1948, na ile ya immatriculation kwa dekreti ya Mei 1952. Kamisheni iliingia nyumbani kwa mwombaji kuchungulia namna anavyokula na anavyoishi na mke wake. Patrice Lumumba, ambaye mapema miaka ya 1940 alifanya kazi Kalima kwenye kampuni ya Symetain, hapa hapa Maniema, alipata yake mwaka 1954. Kwa évolué, glasi ya divai ilikuwa alama ya kuhesabiwa kuwa mtu. Miaka michache nyuma yake Lumumba huyo huyo alikuwa Léopoldville akiuzisha bia ya Polar, akizunguka bar kwa bar, na bar hizo zilimjulisha kwa watu wengi kuliko ofisi ya posta aliyokuwa akifanyia kazi Stanleyville. Serikali ya koloni ilikuwa na sababu ya kuogopa bar. Watu walizungumza humo.

Kwa vijiji vya Kasongo na Kabambare, tarehe inayofaa kukumbukwa ni nyingine: 5 Desemba 1933. Siku hiyo dekreti ya Wabelgiji ilipanga upya utawala wa vijijini na kuweka «sekta» pembeni ya shefferi. Sekta ilikusanya pamoja vikundi vidogo ambavyo administrateur aliona haviwezi kujitegemea, ikapewa mkubwa, tribinali, na kasha la franga. Ofisi ambayo leo inampigia mama wa malewa muhuri ni mtoto wa dekreti ile. Iliumbwa kukusanya kodi na kutunza utulivu kwa ajili ya administrateur; kumsikiliza jirani anayelala ukuta mmoja na bar hakukuwa katika kazi zake.

Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi, lakini karatasi ilibaki. Mobutu, baada ya kunyang'anya wageni maduka Novemba 1973 na kuona maduka yanakufa, alitia sahihi sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo. Biashara hiyo ilihifadhiwa kwa wana-inchi, kwa sharti la patanti inayofanywa upya kila mwaka. Sheria hiyo, iliyorekebishwa 1990, ndiyo shina la neno «patanti» linalosikika sokoni Salamabila mpaka leo.

Kisha sheria za kugawa madaraka. Ile ya 31 Julai 2008 juu ya majimbo inataja kodi ambazo jimbo na sekta vinagawana. Ukisoma orodha hiyo polepole utaona Salamabila yote imo: patanti, kodi juu ya bia, pombe kali na tumbako, kodi juu ya ukubwa wa eneo la madini, kodi juu ya mauzo ya madini ya thamani yanayochimbwa kwa mikono. Bia na dhahabu katika kifungu kimoja! Kwa mtunga sheria aliyekaa Kinshasa huenda ni bahati tu, lakini mtu wa Namoya anaelewa bila kufundishwa, kwa kuwa franga inatoka shimoni asubuhi na inaishia kwenye chupa jioni.

Sheria ya Oktoba 2008 juu ya sekta, shefferi, komini na miji inasema sekta iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na watu, na baraza hilo ndilo linajadili kodi za sekta na masharti ya maisha ya pale. Na orodha ya 13 Machi 2018 ndiyo inayoonyesha kodi na taksi ambazo jimbo na sekta vina haki ya kutoza. Isiyokuwa ndani haina haki ya kutozwa, hata ikiletwa na mtu mwenye kofia na kitabu.

Shida ni kwamba baraza la sekta halijachaguliwa hata mara moja. Desemba 2023 watu walipiga kura ya washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo, sekta hazikufikiwa. Kwa hiyo mahali ambapo sheria inataka jirani, shehe, mchungaji, mwalimu na mwenye malewa waseme pamoja kama bar ifunguliwe karibu na masomo, ao muziki uzimwe saa ngapi, pana kiti kitupu. Anayebaki ni mkubwa aliyewekwa kutoka juu na agenti wake.

Jirani zetu wamefanya namna nyingine, na haikosi makosa. Kenya, kwa sheria ya 2010, ilitaka bar isikae chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto, na katiba ya mwaka huo ikaachia kaunti kazi ya kutoa leseni. Tanzania ilikataza viroba, ile pombe kali ya mifuko, tangu 1 Machi 2017. Unaweza kubishana nao, ila mita 300 mtu anaweza kuzipima kwa hatua zake na kuishtaki ofisi. Patanti iliyolipwa haipimiki hivyo: inaonyesha tu kwamba franga zimetoka.

Kwa Salamabila jambo hili lina uzito wake. Mgodi wa Namoya, ulioanza kuzalisha kibiashara mwaka 2016 chini ya Banro, ulileta mishahara na watu wengi kutoka mbali. Mashambulizi ya Mai-Mai Malaika yalifuata, wafanyakazi wanne wakatekwa Julai 2019, kazi ikasimama zaidi ya mara moja, na familia zikakimbia. Mahali pa namna hiyo, bar isiyo na saa ya kufunga, yenye wateja wengine waliobeba bunduki, ni hatari tofauti kabisa na bar ya Kindu. Tena Maniema haikuwekwa chini ya utawala wa kijeshi kama Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi wa Mei 2021. Hapa ni raia ndio wanatia sahihi, na raia ndio wa kuulizwa.

Familia zilizohama nazo zimo katika hesabu hii. Mama aliyeacha nyumba anafika kwa ndugu na sufuria moja, anapika, anauza, na mara bia ndiyo inamletea faida kidogo inayolipa masomo ya watoto. Hana patanti, kwa hiyo anatoa franga kila siku kwa kila anayekuja, na mwisho wa mwaka amelipa kupita mwenye duka la kufuli. Jambo la kwanza analoweza kudai ni risiti: yenye jina la kodi, jina la ofisi na muhuri. La pili ni kuuliza kodi hiyo imo wapi katika orodha ya 2018. Mkubwa wa sekta ana kazi ya kumwonyesha, na tarifa za kodi zikibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, kila mtu atasoma.

Na Waislamu wa Kasongo na Kabambare, ambao mapatano ya 1890 yaliwataja bila kuwaita mezani, wangali wanasubiri kuulizwa juu ya bar inayofunguliwa mbele ya mlango wa msikiti saa ya isha. Baraza la sekta likichaguliwa, watakuwa na mahali pa kusema, na mama wa malewa atakuwa na mahali pa kuwajibu.