Takwa, Shela na Swali la Kuhama

Wahenga wa pwani hawakuacha jibu moja juu ya kukaa na kuhama. Walisema mwacha asili ni mtumwa, na mwenye kusikia hayo akatulia kwao. Wakasema pia kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na msikiaji yule yule akaanza kutafuta chombo. Kauli hizi mbili zinapingana, na kila moja ina watu walioiishi. Katika visiwa vya Lamu wapo walioguria ng'ambo na wapo waliobaki, na athari za wote wawili zingali zaonekana.

Upande wa kusini wa kisiwa cha Manda, mahali ambapo nchi kavu ni nyembamba baina ya bahari kuu na mkono wa bahari wenye mikoko, umesimama mji mtupu wa Takwa. Ulianza kustawi mnamo mwaka 1500, ukadumu kiasi cha miaka mia mbili. Ulikuwa na ukuta wa kuuzunguka, nyumba za mawe ya matumbawe, visima, na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo. Nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mnamo 1683. James Kirkman alifukua magofu hayo mwaka 1951, na leo yamo chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mnamo 1700 hivi, watu wa Takwa waliondoka. Wataalamu hutaja maji ya visima yaliyoingia chumvi, na hutaja pia uhasama wa Pate, uliokuwa mji wenye nguvu katika visiwa hivyo. Yamkini yote mawili yalikuwepo. Mji haufi kwa siku moja. Kwanza ndoo hutoka kisimani na maji ya magadi, kisha jirani mmoja hufunga mlango, kisha wa pili. Huenda mwenye kulijenga kaburi lile hakujua kuwa mji wake umebakiwa na umri mfupi kuliko wa mtu mzima.

Mapokezi ya wenyeji yasema kuwa walivuka mlango wa bahari wakafikia Shela, katika ncha ya kisiwa cha Lamu. Safari yenyewe ni fupi. Chombo kidogo chatosha. Lakini walichokipata huko hakikuwa kidogo. Nyuma ya Shela yamelala matuta marefu ya mchanga. Mvua inyeshapo, mchanga huinywa na kuihifadhi, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wakimbizi wa kiu walikuwa wamefika kwenye hazina ya maji.

Hata hivyo, hawakuigeuzia Takwa kisogo. Kwa vizazi na vizazi watu wa Shela wamekuwa wakirejea huko kuzuru lile kaburi la mnara na kuomba dua ya mvua. Chombo husubiri maji yajae ndipo kipenye katikati ya mikoko hadi karibu na magofu. Waliuacha mji uliowanyima maji, nao huurudia kumwomba Mola maji. Waliziacha nyumba, hawakuwaacha maiti wao. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kuhama na kukimbia: mwenye kukimbia hukata kamba, na mwenye kuhama huifungua kwa mkono akajua alipoifunga.

Pate ilikuwa na jibu jingine. Ufalme wake ulipodhoofika na majumba yake kuanza kuanguka, wapo waliobaki. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akausemeza moyo wake juu ya mabwana waliopita na majumba yaliyobaki bila wenyewe. Utenzi ule ulihitaji mtu wa kuyaona magofu kwa jicho la mwenye nayo. Na kijiji cha Pate kingali hai. Tumbaku hulimwa baina ya kuta za kale. Waliobaki hawakuuokoa utukufu wa mji, ila waliliokoa jina lake katika vinywa vya watu.

Wala aliyehama asidhani kuwa amekwepa zamu yake. Mnamo 1812 majeshi ya Pate, pamoja na ya Mazrui wa Mombasa, yalishuka pale pale Shela kuishambulia Lamu, yakashindwa vibaya. Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, wakamwomba hifadhi Sayyid Said wa Omani, na mamlaka ya visiwa yakaanza kuhamia mikononi mwake. Uhasama wa Pate uliwafuata watoto wa Takwa mpaka ng'ambo ya maji. Lakini kulipotulia, Shela ilistawi: msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara wa umbo la pia, ulijengwa mwaka 1829.

Leo swali limerudi Shela kwa sura nyingine. Nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni, na ujenzi umeyasogelea matuta yale yanayoutilia maji mji wa Lamu. Maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Takwa ni shahidi. Mrithi wa nyumba ya babu ana mnunuzi mlangoni na ndugu wanaotaka mafungu yao, na hapana methali itakayomwamulia. Awezalo ni kujiuliza kama waliojiuliza wazee wake: je, maji ya hapa yangali matamu, na je, kama si matamu, ni nani aliyeyatia chumvi? Kisima kilichokufa chenyewe humpa mtu ruhusa ya kuondoka. Kile kinachouawa mbele ya macho yake chamtaka abaki akitetee. Na vyovyote atakavyoamua, iko siku maji yatajaa mikokoni, na chombo cha kwenda Takwa kitakuwa na nafasi yake.