Koroboi ya kukhu ilitengenezwa na nani?

Wasee wa Busia na Malaba, hii taa huku ni koroboi, ukivuka Uganda ni tadooba. Mkebe mtupu, utambi wa kitambaa, mafuta taa, basi. Fundi wa jua kali aliikata na kuiunga, watoto wakasomea, lakini jina lake nani analijua?

Sasa cheki Warumi. Miaka kama 1,900 iliyopita walitoa taa za udongo kwa kalibu, na chini wakagonga jina la karakana. FORTIS wa Italia ya kaskazini alikopiwa hadi mikoa ya mbali, na bado tunamtaja.

Sisi tumepata sola, koroboi tukatupa. Moshi wake siutamani, kusema ukweli. Lakini leo muulize kukhu aliinunua kwa nani, na uliandike hilo jina.