Fasili ya Shairi na Mipaka Yake

Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970 huelezwa aghalabu kama ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Ukichunguzwa kihistoria, hata hivyo, unabainika kuwa kwa kiasi kikubwa ulikuwa mgogoro wa fasili: neno moja lilibebeshwa maana mbili.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kanuni za vina na mizani, zilizokuwa zikirithiwa kwa masikizi, sasa ziliweza kusomwa na kufundishwa. Faida hiyo haibishaniwi. Lakini kanuni si fasili. Kanuni humwongoza mtunzi wa utungo wa aina fulani. Fasili huonyesha kinachoingia katika dhana na kinachobaki nje. Kanuni zilipogeuzwa fasili, *Kichomi* (1974) cha Euphrase Kezilahabi kilihukumiwa na baadhi ya wahakiki kuwa si ushairi hata kabla ya maudhui yake kupimwa.

Kahigi na Mulokozi, katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), waliipanua fasili kwa kutilia mkazo lugha ya mkato, picha na ishara. Mashairi huru yakapata makao. Ila upana nao una gharama yake: methali pia ina mkato na picha, na si kila methali ni shairi. Fasili finyu humtoa mwenyeji; fasili pana humkaribisha mpita njia.

Ibrahim Noor Shariff, katika *Tungo Zetu* (1988), aliligusa shina la tatizo. Kwake, shairi ni bahari moja tu miongoni mwa nyingi, na jina la jumla ni tungo. Hoja hii ina mashiko. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, kipande cha utenzi kina 8, nao mshororo wa *Al-Inkishafi* una 11. Sifa ya bahari moja haiwezi kuwa kipimo cha zote.

Kwa hivyo, mhakiki anayeuliza iwapo utungo fulani ni shairi hana budi kubainisha kwanza kama anakusudia bahari au fani nzima. Pasipo hilo, mjadala huzaa washindi, wala hauzai maarifa.