Fundi Nyuma ya Rubani: Safari ya Amy Johnson, 1930

Historia ya urukaji huandikwa mara nyingi kwa majina ya marubani na hesabu ya siku zao. Safari ya Amy Johnson, aliyeondoka Croydon, karibu na London, tarehe 5 Mei 1930 na kutua Darwin tarehe 24 Mei, husimuliwa vivyo hivyo: mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Lakini mwenye kuifuata safari hiyo kituo kwa kituo ataona kwamba ni habari ya ufundi kama ilivyo habari ya ushujaa.

Johnson, mzaliwa wa Hull, alikuwa karani katika ofisi ya wakili. Mwaka 1929 alipata hati ya urubani, wala hakutosheka nayo. Katika banda la ndege la Stag Lane alijifunza kuifungua injini na kuiunga tena, hata mwishoni mwa mwaka huohuo akapewa hati ya ufundi wa ndege, jambo ambalo mwanamke wa Uingereza hakuwahi kulipata kabla yake.

Ndege yake, Gipsy Moth aliyoiita Jason, ilikuwa imekwisha kutumiwa na mwingine. Mabawa yake yalikuwa ya mbao, yamevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kwa hiyo maradhi yake mengi yaliweza kutibiwa na mtu ajuaye mbao na sindano. Ubavuni ilifungwa rafadha ya akiba. Jioni, baada ya kutwa nzima angani, Johnson aliihudumia injini kabla ya kulala. Maana asiyeziba ufa atajenga ukuta, na angani hapana mahali pa kujenga.

Alipofika Karachi tarehe 10 Mei alikuwa amemtangulia Bert Hinkler, aliyeruka njia hiyo mwaka 1928, kwa siku mbili. Kisha masaibu yakaandamana. Huko Jhansi alitua katika uwanja wa gwaride, bawa likavunjika. Seremala wa mahali pale akaliunga. Huko Insein, karibu na Rangoon, ndege iliingia shimoni, ikavunjika bawa, miguu na rafadha. Ilitengenezwa katika chuo cha ufundi cha mji huo, na viraka vya bawa vilitokana na mashati yaliyoshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichosalia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko Tjomal, katika kisiwa cha Java, mianzi ilitoboa mabawa, na matundu yakazibwa kwa plasta za kufungia vidonda.

Siku zilizopotea Insein zilimnyima ushindi juu ya Hinkler. Hata hivyo, bila matengenezo yale safari ingaliishia Burma. Masimulizi yanayohesabu siku peke yake huziona siku hizo kuwa hasara tu. Kumbe ndizo zilizoifikisha ndege Darwin.

Kiswahili humwita seremala, mshonaji na mtengeneza injini kwa neno moja: fundi. Lugha zinazowatenga watu hao kwa majina mbalimbali huwa rahisi kusahau kwamba kazi yao ni moja. Jason imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, nayo huonyeshwa kwa jina la rubani wake. Lakini rubani huyo alikuwa fundi kwanza, na mafundi wenziwe walimpokea njiani.