Kitambulisho usichokizoea: muuzaji wa bia na sigara aangalie nini?

Makanya, wilayani Same, ni mji wa njiani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha inapita hapo, hivyo dukani anaweza kuingia Mpare wa hapo hapo, mfugaji wa Kimasai, dereva wa lori au abiria kutoka Zanzibar. Vitambulisho vyao havifanani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inakataza kumuuzia pombe au sigara. Anayebanwa ni muuzaji.

Namba ya NIDA

Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba inayoanza na 20060814 ni ya mtu aliyezaliwa Agosti 14, 2006. Huhitaji mashine kuisoma. Ila namba tupu kwenye simu haina picha, kwa hiyo haithibitishi kwamba ni ya huyo aliyesimama mbele yako.

Kadi ngeni si kadi feki

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hutolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mwenye nacho ni Mtanzania kama wewe. Kitambulisho cha taifa cha Kenya hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Pasipoti wanapewa hata watoto, hivyo isome tarehe ya kuzaliwa kwanza.

Ubaguzi unaingia wapi?

Ukimdai kitambulisho kijana aliyevaa lubega, halafu mwenzake wa rika hilo hilo aliyevaa shati na suruali unampa bila kuuliza, hapo hupimi umri, unapima mavazi. Matokeo yake ni mabaya pande zote: mtu mzima mwenye mwili mdogo anarudishwa kwa aibu mbele za watu, na mtoto mrefu mwenye sauti nzito anaondoka na chupa.

Fanya hivi

- Muulize kila anayeonekana kijana, bila kujali kabila, lafudhi wala mavazi.
- Tafuta tarehe ya kuzaliwa, kisha hesabu miaka 18.
- Linganisha picha na sura.
- Hajatimiza, au hana uthibitisho? Mkatalie kwa upole, bila kumwita mwongo.