Bega Bandia na Swali la Miaka Mitano

Historia ya bega bandia huanzia Paris mwaka 1893. Daktari Jules-Émile Péan alimwekea mwoka mikate mmoja kiungo cha platinamu na mpira mgumu, kwa sababu kifua kikuu kilikuwa kimeharibu bega lake. Mwanzoni mkono ulifanya kazi. Baada ya miaka miwili hivi ugonjwa ulikuwa umerudi, na kiungo kikatolewa. Tunajua hayo kwa sababu mgonjwa alionekana tena. Asingeonekana, leo tungesoma kwamba upasuaji ule ulifanikiwa. Hoja yangu ni kwamba historia ya upasuaji huu ni historia ya kufuatilia watu kama ilivyo historia ya vifaa.

Vifaa viliboreka. Charles Neer wa New York alichapisha kazi yake kuhusu kichwa cha bega cha chuma mwaka 1955. Mwaka 1985 Paul Grammont, huko Ufaransa, aligeuza mpangilio: tufe likakaa upande wa bega, kikombe upande wa mkono, ili msuli wa nje ya bega uinue mkono hata kama kano za ndani zimechanika. Lakini ubora wa kifaa hauonekani siku ya kushonwa kidonda. Huonekana katika muda wa kati, yaani miaka mitano hadi kumi: je, kimelegea, je, mtu anaweza kuchana nywele zake? Ndiyo maana Sweden ilianzisha daftari la taifa la magoti bandia mwaka 1975.

Malawi nayo haikuchelewa sana. Daftari lake la viungo bandia lilianza mwaka 2005, likihusu nyonga na magoti. Ripoti yake ya mwaka 2009 ilieleza upasuaji wa nyonga 73 kwa wagonjwa 58. Idadi ni ndogo, lakini kila mmoja aliandikwa.

Sasa nitazame kwetu Dzaleka, wilaya ya Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994. Matibabu makubwa hufuatwa Lilongwe, na mkimbizi hatoki kambini apendavyo. Mwaka 2023 serikali ilisisitiza tena kwamba wakimbizi waishi humu. Majirani zangu wengine wamehamishiwa nchi za mbali, wengine wamerudi kwao. Daftari la hospitali hudhani mgonjwa atabaki anapopatikana. Sisi hatubaki.

Hata hivyo, Malawi ina desturi ambayo naona inafaa: mgonjwa hutunza mwenyewe kitabu chake cha afya. Jina la kiungo, ukubwa wake na tarehe ya upasuaji vikiandikwa humo, daktari wa Canada au wa Bukavu atajua anachokitazama. Asipokuta maandishi hayo, mgonjwa wetu atahesabiwa kuwa amepotea, ingawa yuko hai na bega lake linauma.